Kilo Zilizobaki za Mama Mizani

"Hivi wewe Mama Pacha, zile kilo ambazo mtu hakuzibeba kwenye ndege huwa ni mali ya nani?"

Aliyeniuliza hivyo ni Fundi, jirani yangu anayeshona nguo kwenye kibaraza kinachotazamana na mlango wangu. Nilikuwa nimempelekea gauni la kupanua kiuno, habari za ndege zilikuwa mbali nami kabisa. Sijawahi kupanda ndege. Shule niliishia darasa la saba, na safari yangu ndefu kuliko zote ni ile ya siku mbili kwa basi, nilipokwenda kumzika baba mkubwa. Nikajibu nilichoona ni salama.

"Labda ni za Mungu."

Fundi akacheka mpaka akavua miwani. "Basi Mungu ana wakala hapa mtaani. Hebu tazama bati lake."

Nikatazama. Nyumba ya tatu kutoka kwangu ilikuwa na paa jipya, linametameta hadi unafumba jicho. Ni nyumba ya Mama Mizani. Na mimi, Mungu anisamehe, siku ile ndipo nilipoanza kumtilia shaka mwanamke niliyekaa naye benchi moja kwenye maombi ya akina mama kwa miaka kumi na minne.

Jina la Mizani hakupewa na mzazi. Alianza kazi kwenye ghala la nafaka akiwa msichana wa kufagia vumbi. Siku moja karani wa mizani hakutokea. Malori yamejipanga mpaka barabarani, madereva wanapiga honi kama wamepagawa, msimamizi anazunguka kajishika kichwa. Yule msichana akaegesha ufagio ukutani akasema, "Mimi naweza kuisoma." Wakamcheka. Akaisoma. Karani aliporudi baada ya wiki alikuta kiti chake kina mtu, na mtu huyo alikaa hapo miaka ishirini na tisa.

Mkono wake wenyewe ukaja kuwa mizani. Ukimpa kitu akiinue, anakutajia uzito kabla hujameza mate. Kliniki, akina mama walikuwa wakimpa watoto kwa mchezo. "Kilo sita na robo," anasema, "na hiyo robo ni nepi, kambadilishe." Wanakwenda kupima, wanakuta ni kweli.

Lakini kazi ile ilimfundisha pia kutoamini watu. Kuna waliomwagia magunia maji ili yaongezeke uzito. Kuna waliofukia mawe katikati ya nafaka. Wengine waliegemea mizani kama watu waliochoka, kumbe wanaibonyeza kwa goti.

"Na mwenye jiwe," aliniambia, "ndiye aliyenisalimia vizuri kuliko wote. Anauliza watoto, anauliza mgongo wangu. Mtu akiniuliza mgongo, mimi naangalia gunia lake."

"Sasa dada, hivyo utaishije na watu?"

"Kwani sijaishi?"

Mume wake alikuwa dereva wa lori. Alimkubali, anasema, kwa sababu hakuwahi kumwona akiegemea mizani hata siku aliyokuwa na homa. Alifariki mapema, akamwachia binti mmoja. Binti huyo alikua, akasoma, akaenda ng'ambo kufanya kazi ya kutunza wazee, na kila mwaka humtumia mama yake tiketi ya kwenda kumwona.

Safari ya kwanza Mama Mizani alikwenda na kibegi cha kilo sita. Nguo zake, kitabu chake cha sala, na zawadi ya binti. Msichana wa kwenye kaunta akachungulia sakafuni.

"Mama, mizigo mingine iko wapi?"

"Ndiyo hiyo."

"Tiketi yako ina mabegi mawili, kila begi kilo ishirini na tatu. Umebakiza kilo arobaini."

Mama Mizani akaisogeza ile tiketi juu ya kaunta. "Basi nirudishieni hela ya hizo arobaini."

Msichana akadhani anataniwa. "Hazirudishwi, mama. Ukizitumia ni zako. Usipozitumia, basi."

"Basi nini?"

"Basi tu, mama."

Kwenye foleni ya pembeni baba mmoja alikuwa anadaiwa malipo ya kilo nne zilizozidi. Amepiga magoti, begi limefunguka sakafuni, anatoa sweta, anavaa juu ya koti, anatoka jasho. Akamwona Mama Mizani na kibegi chake, akamwomba ambebee hizo nne. Akamkatalia.

"Samahani baba. Sikuona ulivyofunga."

Lakini jambo lile lilimkaa moyoni njia nzima. Ghalani kwao aliyeleta pungufu alilipwa pungufu, aliyeleta zaidi alilipwa zaidi. Hapa aliyezidisha analipishwa, aliyepunguza harudishiwi, na ndege ni hiyo hiyo moja. "Mizani gani hiyo," aliniuliza, "inayolalia upande mmoja tu?"

Kuanzia safari ya pili akaanza kubeba vitu vya watu wenye ndugu kule, kwa malipo ya kila kilo, nusu ya yale wanayotoza ofisi za vifurushi. Na alikuwa na utaratibu wake ambao hakuupunguza kwa mtu yeyote. Vitu unavileta vikiwa wazi. Unakaa kwenye mkeka sebuleni kwake, unatoa kimoja kimoja, unakitaja kwa jina, yeye anakiandika. Anakipima kwenye mizani ya kuning'iniza iliyofungwa juu ya mlango. Kisha anakitia ndani ya begi, na begi likijaa anashona mdomo wake kwa shazia, ile sindano nene ya magunia, kwa uzi mwekundu.

"Kilichofungwa sikibebi," alikuwa akisema. "Kitafungwa na mimi."

Miaka minne ikaenda hivyo, halafu likaja bati.

Siku ya maombi, tulipomaliza, akina mama hawakuinuka. Mama Mizani alikuwa hayupo. Dada wa Saluni, ambaye ulimi wake ni mkali kuliko mkasi wake, ndiye aliyeanzisha.

"Mimi nasema ni haki yake. Mtu kanunua kiti na kilo zake. Nikikodi chumba nikaweka mpangaji kwenye kona, kosa liko wapi?"

"Hakununua yeye," mwingine akadakia. "Kanunua binti. Basi faida ni ya binti."

"Na mwenye nyumba akisema hataki mpangaji kwenye kona?"

"Ndege ina kona?"

Wakacheka. Mimi sikucheka sana. Nilikuwa nawaza kwamba mtu akipewa zawadi na mtoto wake, kisha akaikata vipande akauza, kuna kitu hapo hakikai sawa. Halafu nikawaza tena kwamba kama ile nafasi inakwenda tupu, nani kaumia? Sikupata mwisho. Mama mmoja akasema taratibu, "Tatizo si kilo. Tatizo ni zimebeba nini. Nguo na vitabu vinaezeka nyumba?" Wakaniangalia. Kwa kuwa mimi huwa nasema pole pole, wakanituma niende nikamuulize.

Nilikwenda Ijumaa, saa kumi za jioni. Mlango ulikuwa umeegeshwa, na kabla sijabisha nikamsikia anaongea kwenye simu.

"Unga ni kilo saba. Ndiyo, ule mweupe. Nimeuzungushia nguo zangu, hautamwagika. Mzigo nauleta mwenyewe. Na usimwambie mtu mpaka nifike."

Msomaji anajua kwamba mitaani unga una maana mbili. Upo wa jikoni, na upo ule unaowapoteza vijana na kuwapeleka wabebaji jela, wanaoitwa punda. Nikasimama pale kibarazani na bati jipya juu ya kichwa changu, nikaona kila kitu kimejieleza. Nikageuka, nikaondoka bila kubisha.

Na hapa lazima niseme kosa langu. Sikwenda nyumbani. Nilipita saluni, nikamnong'oneza Dada wa Saluni nilichosikia. Nasema nilimnong'oneza, lakini mashine ya kukausha nywele ilikuwa inavuma, kwa hiyo nilinong'ona kwa sauti. Kulikuwa na wateja watatu wamekaa.

Usiku sikupata usingizi wa maana, na asubuhi ya Jumamosi nikarudi kwa Mama Mizani nikamwambia uso kwa uso, "Dada, nimekusikia unataja unga."

Akanitazama. Kisha akanishika mkono mpaka chumbani, akafungua begi. Mifuko saba ya kilo moja moja, imeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu. Akaukata mmoja, akachota kwa kidole, akanitia mdomoni kama mtoto. Unga wa nafaka, mtamu, uliosagwa laini.

"Umeuonja? Haya, twende polisi."

Alicheka mpaka akakaa kitandani. Alipokoma kucheka akaniambia kwamba kwenye simu alikuwa binti yake, na kwa nini alimwambia asimwambie mtu. Binti alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikwisha haribika, zote kwenye mwezi wa saba, na hii ya tatu ilikuwa imeuvuka. Daktari alikuwa amemlaza kitandani, asiinuke hata kuchota maji. Mume wake kazi yake ni ya melini, asingerudi kabla ya miezi miwili. Chakula kilikuwa hakikai tumboni ila uji wa unga ule anaosaga mama yake.

"Ndege ni Alhamisi," akasema. "Tiketi ni ya bei ya chini, haibadilishwi tarehe wala hairudishwi. Nikiikosa, sina ya kununua nyingine, na yeye hana. Atajifungua peke yake, mdogo wangu. Au atampoteza huyu naye, na mimi niko hapa napima."

Nikamuuliza na lile la bati, kwa kuwa ndilo nililotumwa. Akasema mwaka wa kwanza alimpelekea binti hela zote za kilo, akisema ni zako, tiketi umenunua wewe. Binti akakataa. Akamwambia, mama, paa linavuja, ezeka. "Na mimi siuzi kilo," akaongeza. "Kilo ni za ndege. Mtu ananilipa kwa kuwa najua alichonipa. Yule wa ofisini hajui, anapiga muhuri tu."

Niliona aibu. Sikumwambia habari ya saluni. Niliahidi moyoni kwamba nitakwenda kuisahihisha, na nilikwenda, lakini wale wateja watatu walikuwa wamekwisha sukwa, wameondoka.

Mchana huo huo, nikiwa bado namsaidia kukunja, akaja mwanamume ambaye hatukuwahi kumwona. Alinukia kiasi kwamba sebule nzima ilijiona imeoga. Tangu hapo tunamwita Bwana Manukato. Mkononi alikuwa na boksi dogo, limezungushiwa karatasi ya gundi kila upande.

"Mama, kilo moja na nusu tu. Nitakulipa za kumi. Ni dawa ya mama yangu mzazi."

"Fungua."

"Ikifunguliwa inaharibika."

"Basi iharibikie kwako, baba."

"Mama, unaniona mimi mwizi?"

"Wewe nakuona vizuri. Boksi ndilo silioni."

Akatabasamu, akaongeza bei, akaambiwa hapana. Akaongeza tena. Mwisho akainuka, akafika mlangoni, akageuka kwa upole wote. "Haya mama. Na mgongo unaendeleaje?"

Mama Mizani akaangalia boksi lake. Alipokwisha toka akaniuliza kwa sauti ndogo, "Nani kamwambia nina mgongo?"

Tukachungulia dirishani. Bwana Manukato alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha Fundi. Fundi anampima mabega kwa futi yake, wanazungumza, wanacheka.

Kuanzia pale Mama Mizani alibadilika. Alifungua mabegi aliyokwisha shona, akapima upya. Alilala na mlango wa chumba umefungwa kwa komeo. "Aliyekataliwa mlango wa mbele," akasema, "atajaribu kwa mkono wa mtu ninayemjua." Mimi nikasema Fundi ni mtu wetu. Akasema, "Sijakataa."

Jumanne akina mama watatu wa maombi walikuwa wamekaa kwenye mkeka na vitu vyao, Dada wa Saluni mmojawapo, mimi nashika mdomo wa begi. Fundi akaingia na furushi la mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu ananyonya, ambaye sasa ni mtu mzima anasoma mji ule ule anaoishi binti wa Mama Mizani.

"Shati," Fundi akataja. "Suruali mbili. Viatu."

Viatu vilikuwa vya kupanda juu ya kifundo, vya ngozi nyeusi. Mama Mizani akainua cha kulia. Akainua cha kushoto. Akakirudia cha kulia. Nikaona uso wake umefunga. Akavitundika kwenye mizani kimoja kimoja.

"Fundi. Hiki cha kushoto kimezidi gramu mia na themanini."

"Ngozi haikatwi kwa rula, dada."

"Ngozi hii sio ya gramu mia na themanini. Kina nini?"

"Kina kiatu." Alijaribu kucheka. Jicho lake likakimbilia kwa akina mama, likarudi. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. "Dada, weka tu. Miaka yote hii nakushonea, nimewahi kukuletea kitu kibaya?"

"Yule wa Jumamosi ulimpima nini?"

"Nani?"

"Mwenye manukato."

"Si suti! Mteja akija nisimpime?"

"Na mgongo wangu ulimwambia wa nini?"

"Aliuliza kwa nini huwa unakalia kiti cha kuegemea... Mimi... Dada, mazungumzo tu."

Mama Mizani alikuwa ameshachukua wembe wa kukatia uzi. Akautia ndani ya kiatu cha kushoto, akapasua soli ya ndani kutoka kisigino hadi kidoleni, mara moja, kama mtu apasuaye gunia. Sote tukainama. Zikatoka ngozi nne zilizogandishwa pamoja, kipande cha raba, na chini kabisa bamba jembamba la chuma. Akalipindua. Akatikisa kiatu. Hakikutoka kitu kingine.

"Mguu wake wa kushoto ni mfupi," Fundi akasema. "Tangu kuzaliwa."

Nilimkumbuka yule kijana akipita mbele ya mlango wangu miaka nenda rudi, suruali zake ndefu zilizokatwa vizuri, zinafunika kiatu mpaka chini. Sikuwahi kujua. Mtaa mzima haukujua. Fundi alikuwa amemficha mguu kwa mkasi wake, upindo mmoja mrefu, mmoja mfupi, miaka ishirini na moja.

"Ungeniambia," Mama Mizani akasema.

"Mbele ya hawa?"

Aliokota vipande kimoja kimoja, akavitia ndani ya shati, akalifunga. Dada wa Saluni, ambaye hakosi la kusema, alikuwa anaangalia kucha zake. Fundi akafika mlangoni akasema bila kugeuka, "Umenipima na mimi kama gunia, dada."

Kesho yake Mama Mizani alikwenda kibarazani kwake kuomba radhi. Mimi nilikuwa mlangoni kwangu, naona. Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa anakanyaga cherehani kwa nguvu, kitambaa kinakwenda, na sindano haikuwa na uzi. Mama Mizani alisimama muda mrefu, kisha akarudi ndani.

Alhamisi nikamsindikiza. Kwenye kaunta msichana akamuuliza lile swali wanalouliza kila mtu.

"Mizigo yako umeifunga mwenyewe?"

"Nimeifunga mwenyewe, ila si yote yangu."

Msichana akainua uso. Kabla hajasema neno, wakatokea maofisa wawili, mwanamume na mwanamke, wakasimama kila mmoja upande wake.

"Wewe ndiye unayeitwa Mama Mizani?"

Kwenye pasi yake ya kusafiria hakuna jina hilo. Jina hilo ni la mtaani kwetu.

"Ndiye mimi."

"Umebeba unga?"

"Ndiyo."

Yule mwanamume akatazamana na mwenzake. Sidhani kama alikuwa amewahi kujibiwa hivyo. "Kiasi gani?"

"Kilo saba."

"Dada!" nikasema. "Dada, sio huo!"

"Wewe nyamaza, mama. Kilo saba. Na unauza?"

"Nalipwa kwa kilo. Unga siuzi."

Wakatuchukua wote wawili, mimi na yeye, wakatuingiza kwenye chumba chenye meza ndefu, taa nyeupe na saa ya ukutani. Wakakata uzi mwekundu. Kila kitu kikatolewa juu ya meza. Mama Mizani akawapa karatasi yake, wakawa wanasoma na kutafuta: sweta la bluu la fulani, gramu mia tano na kumi, vitabu viwili, miwani ya kusomea ndani ya soksi. Vyote vilikuwepo, na yule ofisa wa kike alipojaribu kupima viwili vitatu kwenye mizani ya pale akakuta sawasawa. Lakini ofisa mwanamume alikuwa na hasira ya mtu anayehisi anachezewa.

"Kilo hizi shirika linakupa wewe abiria. Halikupi mtaa mzima."

"Linanipa, au nimelipia?"

"Umelipia kusafiri."

"Na yule anayezidisha mkamlipisha kilo nne, hizo zinakaa wapi kwenye ndege? Si kwenye zangu?"

Yule wa kike akauma midomo asicheke. "Mama, hilo sijui. Kazi yangu ni kufungua."

Wakaanza na mifuko ya unga. Kila mmoja wanatoboa, wanachota kidogo, wanatia kwenye kichupa chenye maji ya dawa, wanasubiri rangi. Mfuko wa kwanza. Wa pili. Mimi nilikuwa nasali bila kufunga macho, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye saa. Mama Mizani hakuitazama saa. Alikuwa anatazama vichupa, mikono yake imekaa mapajani. Wa tano. Wa sita. Wa saba.

"Ni unga," ofisa akasema.

"Ndivyo nilivyokwambia."

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili mlango ufungwe. Meza imejaa vitu vya watu sita, mabegi yamepasuliwa midomo, shazia lake lilikwisha chukuliwa kwa kuwa ni chuma chenye ncha. Kuvipanga vile vyote kungechukua nusu saa. Alivitazama mara moja tu. Akazoa mifuko saba ya unga na nguo zake, akavisukumia ndani ya begi moja, akafunga kwa mtandio aliokuwa ameuvaa kichwani.

"Mdogo wangu, hivi vingine rudi navyo. Kila mtu mpe chake. Hela zao nitawarudishia nikija."

"Dada, ni kilo thelathini na tatu!"

"Ziache."

Ofisa wa kike alimshika mkono, wakakimbia. Mwanamke wa miaka sitini na moja, kichwa wazi, anakimbia kwenye sakafu inayoteleza. Akawahi. Ofisa mwanamume, akinisaidia kutia vitu kwenye mifuko ya takataka, ndiye aliyeniambia kwamba walipigiwa simu. Aliyepiga alitaja jina la Mama Mizani, siku, saa ya ndege na kilo. Hakutaja lake.

Nilirudi mtaani na mifuko mitatu ya vitu vya watu, na habari ikafika kabla yangu. Wengi wakasema ni Fundi, kwa kisasi cha kiatu. Wengine wakasema ni Bwana Manukato, alikataliwa akaona amkomoe. Mimi nilijua kitu wasichokijua. Ile hesabu ya kilo saba ilitoka kwenye mdomo wangu, chini ya mashine ya kukausha nywele, na sijui ilitembea kwenye midomo mingapi baada ya hapo. Niliwaambia akina mama hivyo kwenye maombi, mbele ya wote. Halafu wakaendelea kumshuku Fundi, kwa sababu Fundi alikuwa ameacha kusalimia watu, na mtu asiyesalimia ni rahisi kumshuku. Wakapanga kwenda kumkalisha kitako, mimi nikiwa msemaji tena.

Siku ya tisa simu yangu ikalia. Ilikuwa ni yeye. Mtoto wa kiume. Mama yake mzima, ameanza kukaa, anakunywa uji vikombe viwili.

"Mkono wangu ulisema kilo mbili na mia nane," akasema. "Mizani yao ikasema mbili na mia tisa. Nimewaambia wairekebishe."

Tulicheka, tukashukuru Mungu pamoja kwa simu. Kisha nikamweleza yote, la saluni nikaanza nalo, na la akina mama kutaka kumkalisha Fundi. Nilikuwa nasikia mtoto analia kule nyuma, na mtu anamwimbia. Halafu akaniambia:

"Naomba usimuulize Fundi kama ni yeye aliyepiga simu. Muulize kama kiatu kimeshashonwa. Kama kimeshonwa, mtafute mtu anayekuja huku akilete, na hizo kilo nitamlipa mimi."